Usimwage Bwawa Wakati wa Bamvua

Vijana mnaokuja kwangu hapa Mwabungo mnakuja na simu mkononi. Mnanionyesha picha ya bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu, vitanda vyeupe vimepangwa kando yake, taa zinawaka chini ya maji, na mwanamke mwenye miwani myeusi anakunywa kitu kilichochomekwa kimwavuli. Kisha mnaniuliza, "Mzee, tajiri anataka hivi, na alichotoa ni kidogo. Tufanyeje?" Nami huwauliza kwanza: mmeshapafagia? Mpaka leo hakuna aliyenijibu ndiyo.

Basi nimeamua kuandika, nisiwe narudia maneno yale yale kila Jumapili barazani. Shule niliishia darasa la tatu, tena hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Lakini mabwawa ya nyuma ya nyumba, kuanzia Tiwi mpaka Galu, nimeyatunza miaka thelathini na kitu, na nyumba hii ninayokaa, yenye mabati mazima na choo cha ndani, imetoka humo. Atakayetaka kunisahihisha herufi anisahihishe. Bwawa asinisahihishe.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Riziki, Mdigo wa Kinondo, aliyekuwa mkuu wa mabwawa katika hoteli moja ambayo siku hizi imefungwa. Mzee huyu hakuwa na daftari wala futi kamba. Akiitwa kuangalia bwawa la mtu, alikuwa akingoja saa saba mchana, jua la utosi, anavua viatu, anazunguka ukingo wote kwa miguu mitupu, polepole, mikono mgongoni. Panapomchoma anaweka kijiwe. Panapomtelezesha, kijiwe. Panapomkata, vijiwe viwili. Akimaliza anamgeukia mwenye nyumba: "Kazi yako ni hivyo vijiwe. Kwengine usiguse." Panapochoma pataka kivuli, panapoteleza pana ukoga wa kijani, panapokata pana kigae kilichovunjika. Mtu mwenye pesa chache akifuata vijiwe vile haendi kununua kitu asichokihitaji.

Nyinyi mnaanza kwa rangi. Rangi ni ya mwisho kabisa, na mara nyingi mkishasugua mtaona haikuhitajika. Sugueni kwa makumbi ya nazi, yale ya kufulia ambayo mama zenu wanayatupa, na mchanga laini wa mtoni. Makumbi hayakwaruzi kigae na hayauzwi. Asidi ya dukani husafisha kwa dakika mbili, kisha inakula simiti iliyo kati ya vigae, na mwaka unaofuata vinabanduka kimoja kimoja. Mchanga wa ufuoni msiuchote hata kama uko hapo mlangoni. Kwanza ni makosa, pili una chumvi, na plasta ya chumvi haishiki. Mimi nimewahi kuipiga, ikanitoka ukutani kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Ukuta wa nyuma pigeni chokaa. Iloweke kwenye pipa siku saba, ichuje kwa leso kuukuu, upake nyembamba mara tatu ukuta ukiwa na unyevunyevu. Vijana wengi wanaipaka nzito mara moja, juani, halafu wanalaumu chokaa.

Sasa niwaambie habari za bwawa la Mama Ndinda, maana ndilo lililonifanya niwe mtu ambaye nyinyi mnakuja kumuuliza.

Mama Ndinda alikuwa muuguzi mstaafu, Mkamba wa Kitui. Yeye na marehemu mumewe walinunua nyumba Diani, hatua mia mbili hivi kutoka ufuoni, na nyuma yake palikuwa na bwawa. Mume alipofariki bwawa lilikaa miaka minne bila kuguswa. Nilipolikuta maji yalikuwa kijani kama mchicha uliopikwa, na vyura walikuwa wameshazaa wajukuu. Yeye alitaka nyumba ianze kupokea wageni. Wa kwanza wangekuwa akina mama kumi na wanane wa kanisa lake la zamani, waje likizo ya Desemba. Alikuwa na wiki tatu, na fedha zake zilikuwa zile za kustaafu, si za mchezo.

Siku ya kwanza alinisimamisha getini.

"Wewe ndiye fundi wa swimming pool?"

"Ndiye, mama."

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Yapata ishirini."

"Na mbona huna kazi sasa?"

Nikamwambia kazi zetu zina misimu. Hilo lilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Kweli yote ni hii. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimepasua bwawa.

Kwa asiyekulia pwani nieleze kidogo. Bahari hujaa na kupwa kila siku, hilo mnalijua. Lakini mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Hilo ndilo bamvua. Katikati ya bamvua na bamvua, mwezi ukiwa nusu, maji huwa mapole, hayapandi sana wala hayashuki sana, nasi tunayaita maji mafu. Mimi ni mtoto wa Shimoni, baba yangu mvuvi, bamvua nililijua kabla sijajua kuhesabu. Bahari yenyewe ndiyo iliyonikataa. Nikipanda mashua natapika, mpaka baba akaona haya mbele ya wenziwe, akanishusha gatini na kuniambia, "Nenda katafute maji yasiyotikisika."

Pamoja na kujua yote hayo, siku moja ya mwezi mpevu, masika imelowesha ardhi wiki nzima, nilifungua valvu na kumwaga bwawa la tajiri mmoja aliyekuwa Ulaya, ili nilioshe vizuri. Wala haikunijia akilini. Kwangu bamvua lilikuwa jambo la wavuvi, na bwawa jambo la matajiri. Sikufikiri kwamba chini ya zile nyumba ni jiwe la matumbawe, lenye matundu kama sega la nyuki, na bahari ikijaa huingia humo chini kwa chini. Bwawa lenye maji hutulia kwa uzito wake. Ukilimwaga umelifanya mashua, nalo litataka kuelea. Nilipofika asubuhi nilikuta sakafu imevimba katikati kama chapati kikaangoni, na ufa umetoka ngazini mpaka upande wa kina.

Mngenikuta siku hiyo mngenikuta nimekaa ndani ya lile bwawa, juu ya uvimbe, miguu imeninyooka.

Nilifukuzwa, na sikulalamika. Lakini habari zilinitangulia kila nilikokwenda. Kila geti nililobisha, askari alikuwa ameshasikia. Walinipa jina: Mpasua Bwawa. Miaka miwili nilikata mawe kwenye timbo kule Tiwi, mikono hii, na vijana wa timbo nao wakajua, wakawa wakiniuliza kama na jiwe nalo nitalipasua bila kukusudia.

Kwa hiyo kwa Mama Ndinda sikwenda kutafuta ujira peke yake. Nilikwenda kutafuta jina langu. Nilitaka bwawa moja tu lisimame, zima, watu waseme limetengenezwa na fulani. Nilijua likiharibika hilo, basi, nitafia timboni. Ndiyo sababu aliponiuliza nilimtajia misimu.

Nikavua viatu saa saba, nikazunguka, nikaweka vijiwe. Vilikuwa ishirini na sita.

Vya kuchoma vilikuwa vingi, kwa hivyo nikamwita Mejumaa, jirani yangu msuka makuti, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Tukasimamisha kibanda cha nguzo nne za mvinje. Hapa mnisikilize: kibanda cha makuti kisifike ukingoni. Acheni hatua tatu. Makuti mapya yakinyeshewa hutoa maji ya rangi ya chai, na niliwahi kumtengenezea mtu mmoja wa Galu kibanda kizuri sana juu ya ngazi za bwawa, mvua ikanyesha, asubuhi mkewe akaingia na nguo nyeupe ya kuogelea. Alitoka amevaa nguo nyingine kabisa.

Maua ya bogonvilia yapande mbali, upande upepo unakoelekea, maana hutupa petali mchana kutwa na kuziba chujio. Karibu na maji wekeni mshubiri na mimea ya majani manene, kwenye mitungi iliyopasuka. Vipandikizi sikununua hata kimoja. Kila Jumatatu watunza bustani wa Diani hukata ua na kutupa nje ya geti. Pita na mkokoteni, uliza kwa adabu.

Vitanda vya kulalia jua ndivyo vilivyonitia aibu. Vya dukani vilikuwa havishikiki bei. Nikakumbuka kwamba huku vijijini watu wanatupa vitanda vya kamba, kila mtu anataka cha boksi. Nikakusanya vitano, nikapunguza miguu, nikaondoa kamba kuukuu za kumbi na kuvisuka upya kwa kamba za nailoni za wavuvi. Nikavipanga kando ya bwawa mstari mmoja, vichwa upande mmoja, kama kwenye picha za simu. Nikasimama kando, nimejaa kiburi.

Mejumaa akaingia na mzigo wa makuti kichwani, akasita.

"Ami, kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Wallahi? Basi mbona umetandika vitanda vitano vya kuoshea maiti, na maji umeyaweka karibu?"

Nikatazama. Ni kweli. Kwetu maiti huoshwa juu ya kitanda cha kamba, maji yapate kupita chini, na kila mtu wa pwani hii amekiona angalau mara moja. Mimi niliyezaliwa humo humo sikukiona, macho yangu yalikuwa kwenye picha ya simu. Mama Ndinda alitoka jikoni kuuliza tunacheka nini. Mejumaa akamweleza bila kupunguza neno.

"Viondoe," akasema Mama Ndinda. "Wageni wangu wote ni wazee. Watafikiri nimewaandalia."

"Havitaondolewa, mama," nikamwambia. "Nipe mpaka jioni."

Nikainua upande wa kichwa wa kila kitanda kwa vipande vya mvinje ili mtu akae ameegemea, nikavitawanya, viwili chini ya makuti, kimoja peke yake pembeni, viwili vikitazamana. Mejumaa akashona mito ya leso, akaijaza usufi. Alipomaliza alijilaza kujaribu, akafumba macho, akakataa kuondoka.

"Hapa sasa mtu hafi," akasema. "Labda achelewe kazini."

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na ukingo ukapendeza. Ndani ya bwawa ndiko kulikobaki. Maji nilikuwa nimeshayasafisha kwa klorini na chujio, sakafu inaonekana, na vigae kama arubaini upande wa kina vilikuwa vimeachia. Hapo hapana njia ya mkato. Lazima limwagwe.

Ndipo alipokuja Musyoka. Musyoka ni mpwa wa Mama Ndinda, injinia wa barabara kutoka Nairobi, kijana nadhifu. Akazunguka bwawa na viatu vyake, saa nne asubuhi.

"Mzee, mbona hii maji bado iko ndani?"

"Yangojea."

"Inangojea nini? Fungua leo, kesho tunabandika tiles, tunapiga rangi, wikendi imekauka."

"Leo halimwagwi. Tungoje siku nane. Leo mwezi una siku kumi na tatu, bamvua linaingia."

Akamgeukia shangazi yake. "Anti, anasema mwezi."

"Maji ya chini yatapanda," nikasema. "Bwawa likiwa tupu litainuliwa."

"Pool ikijengwa vizuri huwa na valvu ya chini ya kupunguza hiyo presha."

"Umeiona?"

"Huwa iko."

"Sikukuuliza kama huwa iko. Hii hapa, umeiona?"

Hakuwa ameiona. Mimi nilikuwa nimepiga mbizi mara tatu kuitafuta, na haikuwepo. Lakini Mama Ndinda alikuwa amesimama kati yetu, siku kumi na tatu kabla ya wageni wake, na alichokiona yeye ni mpwa aliyesomea ujenzi chuo kikuu na mzee aliyevaa suruali iliyokatwa magotini anayesema habari za mwezi.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuita unifanyie kazi. Kama unaogopa, sema. Musyoka atafungua."

Musyoka akaanza kwenda kwenye chumba cha pampu.

Nitawaambia kitu ambacho sijakisema barazani. Nilifikiri kunyamaza. Likipasuka, lawama itakuwa ya Musyoka, na mimi nitakuwa nilionya mbele ya shahidi. Wazo hilo lilikuja, na halikupita haraka. Lilikaa. Kijana alipotia mkono kwenye komeo la mlango ndipo nilipoiona ile sakafu nyingine, uvimbe na ufa, nikajua kwamba likipasuka hata mikononi mwa mtu mwingine, mimi nitakuwa nimesimama pale kwa mara ya pili. Na neno la kumzuia nilikuwa nalo moja tu.

Nikasimama mlangoni pa chumba cha pampu, nikamzibia.

"Mama," nikasema, "mimi nimewahi kupasua bwawa. Hivi hivi. Ndiyo sababu sina kazi. Ukiuliza Diani yote watakwambia."

Musyoka akacheka kidogo. "Anti, na ni huyu unataka kuamini?"

Mama Ndinda alinitazama mimi. Kisha akaanza kuniuliza, sauti ya chini, kama anayejaza kadi ya mgonjwa.

"Ilikuwa lini?"

"Miaka miwili sasa. Masika."

"Mvua ilikuwa imenyesha siku ngapi?"

"Saba, mfululizo."

"Mwezi?"

"Mpevu. Kumi na tano."

"Ufa ulianzia wapi?"

"Ngazini, ukaenda kwenye kina."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Nilikuwa nangoja nimalize, mama. Uone kazi kwanza."

Akatazama chini. Mvua za vuli zilikuwa zimekatika juzi tu, na udongo chini ya miguu yetu bado ulikuwa unabonyea.

"Hayo maji unayosema yanapanda," akasema mwishowe, "unaweza kunionyesha?"

Nyuma ya jiko lake palikuwa na kisima cha zamani. Nikakata mti wa mvinje mrefu, nikauteremsha mpaka chini, nikautoa na kuweka alama ya makaa pale maji yalipoishia. Ilikuwa kwenye saa nne na nusu, bahari imekupwa. Nikamwambia turudi saa tisa alasiri. Musyoka akaingia ndani kunywa chai. Mimi nilikaa juu ya ukingo wa kisima, sikula, sikuondoka, maana mti ule ulikuwa umeshika maisha yangu. Nikajiambia, isipopanda nitakusanya makumbi yangu nirudi timboni leo hii.

Saa tisa nikauteremsha tena mbele yao wote wawili, na Mejumaa akaacha makuti akaja kutazama. Ulipotoka, maji yalikuwa yamepita alama ya makaa kwa kiasi cha kutoka kifundo cha mguu mpaka juu ya goti.

"Na hii ni kumi na tatu," nikasema. "Ngojeni kumi na sita."

Sasa nisimdhulumu Musyoka. Alikuwa na akili. Hakubisha. Alileta futi kamba yake, akapima kutoka ukingo wa bwawa mpaka sakafu ya upande wa kina, akanyoosha uzi wenye pima maji mpaka kisimani, akapima huko nako, akaandika kwenye simu. Akasimama pale na kufanya hesabu mara mbili.

"Anti," akasema, "maji ya kisima iko juu kuliko floor ya pool."

"Kwa kiasi gani?"

Akaonyesha kwa mikono. Shubiri mbili na nusu.

Mama Ndinda akanigeukia. "Unataka siku gani?"

"Mwezi ishirini na moja. Nalimwaga siku hiyo, tunatengeneza ishirini na mbili na ishirini na tatu, na tarehe ishirini na nne maji yaanze kurudi. Lisikae tupu hata siku moja zaidi, maana mwezi ukiandama bamvua jingine laja."

"Wageni wanafika ishirini na sita ya huo mwezi wako. Litajaa?"

"Sijui, mama. Zima litakuwa. Kujaa, sijui."

"Na ukikosea?"

"Utaniita jina waliloniita wengine."

Akasema sawa. Hakusema kwa furaha.

Zile siku nane hatukukaa. Tulipiga chokaa, tukasugua ngazi, nikazunguka nyuma ya maduka ya vifaa pale Ukunda kuokota vigae vilivyovunjika, nikavipanga vipande vipande kwenye mzunguko wa kibanda, rangi zote zimechanganyika. Mpaka leo watu hupiga picha hapo, na vile vilikuwa takataka. Kila alasiri niliteremsha mti kisimani. Kumi na sita maji yalipanda mpaka nikaogopa mimi mwenyewe. Kumi na tisa yakaanza kulegea. Ishirini na moja, kutoka kupwa mpaka kujaa, yalisogea upana wa kiganja tu.

Ndipo nilipofungua valvu. Nilifungua robo, si yote, na nikawa naingia mle ndani maji yakiteremka, naweka unyayo kwenye sakafu, nasikiliza kwa mguu. Bwawa linalotaka kuinuka hutetema kabla. Nilikuwa nimelisoma hilo kwa gharama ya mtu mwingine, jioni ile ya kumwaga, nisijue maana yake. Hili halikutetema. Musyoka alikunja suruali yake ya Nairobi akaingia, tukang'oa vigae vilivyoachia, tukatengeneza chini yake, tukabandika. Alibandika vizuri, mistari yake imenyooka kuliko yangu, na nilimwambia.

Ishirini na nne pampu ikaanza kuvuta kutoka kisimani. Ilikuwa pampu ndogo, na kisima ukikivuta kwa pupa hutoa tope, kwa hivyo tulivuta na kupumzika, kuvuta na kupumzika. Asubuhi ya ishirini na sita maji yalikuwa yamenifika kifuani upande wa kina. Basi la wageni likapiga honi getini.

Nikamwambia Mama Ndinda, "Halikujaa. Nilikwambia sijui."

Akatazama maji, yametulia, sakafu yote inaonekana chini, mistari ya vigae imenyooka. Akatazama wale akina mama wanavyoteremka na mikoba yao.

"Hawa ni watu wangu," akasema. "Hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Ungelijaza leo ningezika."

Mchana wote walikuwa ndani, wanashikana mikono kama wanaovuka mto, wanapiga kelele na kuimba. Mmoja alilala kwenye kitanda cha kamba tangu saa sita mpaka saa kumi bila kujigeuza, Mejumaa akawa anampitia kila mara kuhakikisha.

Alasiri hiyo akaja jirani wa ukuta wa pili, mstaafu wa bandarini mwenye nyumba ya ghorofa, kuwasalimu wageni. Alishika sahani yake ya pilau akatazama makuti, akatazama vigae, akasifu. Kisha akaniona mimi nimesimama upande wa kina na neti ya kutolea majani. Akapaza sauti, mbele ya wanawake wote kumi na wanane.

"Mama Ndinda, huyu si yule aliyepasua bwawa la watu kule mbele?"

Wale akina mama wakanigeukia. Niliendelea kushika neti, maana sikuwa na kingine cha kushika.

"Ndiye," akasema Mama Ndinda. "Aliniambia mwenyewe. Mafundi wengine wanne niliouliza hapa Diani walisema hawajawahi kukosea, na hakuna hata mmoja aliyeniambia maji hupanda."

Jirani akala pilau kidogo. Akalitazama bwawa tena, safari hii hakutazama mapambo. Alitazama sakafu, pembe zote nne.

"Langu lapoteza maji," akasema.

"Usiniambie mimi. Fundi huyo hapo."

Akaja mpaka niliposimama. "Fundi, waweza kuja kesho ulimwage, uangalie?"

Nikahesabu mwezi kwa vidole, sikujificha.

"Kesho nitakuja kuliangalia," nikamwambia. "Kulimwaga ni baada ya siku kumi na moja."

Akasema atangoja.